Bi Mwatum na Pedi Zilizotaka Moto

Haitham, mwenye duka la spea za gari pale Chake, alikuwa na tabia moja: mwanamke akiingia dukani kwake, yeye hutazama nyuma yake kumtafuta mwanamume aliyekuja naye. Siku hiyo alitazama juu ya bega la kulia la Bi Mwatum, akatazama juu ya la kushoto, asione ila mlango na jua.

"Mwenyewe yuko nje, bibi?"

"Mwenyewe nani?"

"Mwenye gari."

"Mwenye gari ndiye huyu. Kama macho yamechoka yapumzishe, uniuzie kwa masikio."

Ndivyo alivyokuwa. Bi Mwatum wa Wete alikuwa mpishi wa keki za harusi. Keki zake zilifika mpaka Mkoani, lakini ulimi wake ulifika mbali zaidi. Alidharau bila ya upendeleo. Aliwadharau wapishi wenziwe waliopaka krimu rangi tano kama bendera za uchaguzi. Aliwadharau vijana waliotoboa ekzosi ili gari mbovu ilie kama gari nzima. Aliwadharau wanaume wa barazani, waliojua kila kitu isipokuwa kazi. Na mumewe, Mwalimu Nassor, msomeshaji wa kemia aliyeendesha gari kama anayesindikiza jeneza, alimpenda sana na kumdharau kidogo, kwa afya ya ndoa.

Kitu kimoja tu hakukidharau: mwendo wa kasi. Alikigundua ukubwani, watoto wake wameshaolewa. Alikuwa amepeleka keki Tanga kwenye harusi ya mpwa wake, na kesho yake wenyeji wakawachukua wageni kutazama magari. Nje ya mji palikuwa na kiwanja cha zamani cha ndege, katikati ya mashamba ya mkonge, ambacho wapenzi wa magari walikikodi mara mbili tatu kwa mwaka. Walipanga mapipa na matairi yakawa kona, halafu wakazunguka mmoja mmoja, kila mtu na gari yake ya kila siku, bila ya kuogopa mbuzi wala trafiki. Bi Mwatum alitazama wanaume wakizunguka, mmoja akapindukia nje ya kona akabaki anazunguka kama kuku aliyechinjwa, naye akasema, "Hivi ndivyo? Hata miye naweza." Wakacheka. Alipomaliza mizunguko yake walikuwa hawacheki.

Tangu hapo akawa haikosi siku ya kiwanja. Aliipakia gari yake, Altezza nyeupe, kwenye meli pale Mkoani, akashuka nayo Tanga, akazunguka, akarudi kupika keki. Wete nzima ilijua, na Wete nzima ilikuwa na la kusema. "Mke wa mwalimu anashindana na waume huko bara!" Bi Mwatum alijibu kwamba hashindani na mtu, kushindana kunataka mwenzio awe na kitu.

Kilichompeleka kwa Haitham ni aibu. Mara ya mwisho alipokwenda kiwanjani, mzunguko wa tatu haujesha, aliisikia harufu, kama ya kwato zinazochomwa. Akafika kona ya mwisho, akakanyaga breki, pedali ikazama chini laini, kama unga wa maandazi uliozidi maji. Gari haikusimama. Ilipita baina ya mapipa mawili ikaingia kwenye mikonge, na Bi Mwatum akatoka humo na miiba kwenye baibui. Msellem, bwana mmoja wa Tanga mwenye gari nyekundu iliyofungwa nyuma bawa kubwa la kutosha kuanikia nguo, akapiga ukelele mbele ya watu wote: "Bibi, keki imeungua!"

Aliyemsaidia kuivuta gari alikuwa Severina, nesi wa kutoka Moshi aliyehamia Tanga kikazi. Alikuwa na gari ndogo ya kijivu isiyo na pambo lolote. Alizunguka mara nne, akatoka, akapumzika, akarudi tena mara nne, kama mtu anayemeza dozi. Bi Mwatum alikuwa amemweka siku nyingi kwenye kapu la madharau yake. Huyu, alisema, si dereva, ni abiria wa gari yake mwenyewe. Hata alipovutwa kutoka kwenye mikonge, asante yake ilikuwa fupi.

Basi sasa alikuwa mbele ya Haitham anataka pedi mpya za breki, na hakutaka za aina ile iliyomtia mikongeni.

Haitham akaweka maboksi mawili juu ya meza. La kwanza lilikuwa jeupe, halina kitu ila maandishi. La pili lilikuwa jekundu, limechorwa ndimi za moto.

"Hizi nyeupe za kawaida, za kwendea sokoni. Hizi nyekundu za resi. Zinasimamisha gari zinazoruka, bibi. Chuma kikiwa chekundu kama kaa, zenyewe ndiyo kwanza zinaamka."

"Na njiani je? Gari hino ndiyo inayobeba keki zangu."

Haitham akacheka kwa upole wa anayemfundisha mtoto. "Sasa kitu kilichoshinda resi kitashindwa na njia ya Wete?"

Bi Mwatum alimwona mjinga, na hakukosea. Lakini mjinga alikuwa amesema jambo ambalo yeye mwenyewe alikuwa keshaliamua moyoni: mwenye nguvu ya kubeba gunia hashindwi na kibaba. Akachukua boksi jekundu.

Nyumbani Mwalimu Nassor alilipokea lile boksi, akavaa miwani, akasoma ubavu wake mpaka maandishi madogo kabisa, yale ambayo watu wa kawaida huyadhania ni nakshi.

"Mama Rahma," akasema, "hizi hazikai kwetu."

"Zimekukosea nini?"

"Zimetengenezwa kufanya kazi ndani ya moto mkali. Zikiwa baridi hazishiki. Na weye ukitoka hapa kwenda Chake unafunga breki mara ngapi kwa nguvu? Hazitapata joto hata siku moja. Utakuwa unaendesha gari isiyo na breki, uikanyage mpaka ujute."

"Mwalimu, weye tangu uzaliwe umeenda kasi mara moja, ulipofukuzwa na nyuki. Haya, kasahihishe madaftari."

Mwalimu akavua miwani, akaenda kusahihisha madaftari.

Fundi Telesphory, mtu wa Bukoba mwenye gereji nyuma ya soko la Wete, alizifunga zile pedi mchana huohuo. Bi Mwatum akamuuliza, kwa shingo upande, kama zinafaa. Telesphory akapuliza vumbi kwenye diski, ile sahani ya chuma inayobanwa na pedi, akajifuta mikono kwenye suruali. "Mama, pedi ni pedi. Kikubwa zisiwe zimeisha." Bi Mwatum akamweka naye kapuni.

Toka siku ile Wete haikupata usingizi wa mchana. Kila akipunguza mwendo, magurudumu yalilia ukelele mwembamba mrefu, kama bati linalokatwa kwa msumeno. Paka walikimbia. Aliposimama mbele ya msikiti siku ya Ijumaa kumteremsha mumewe, watu walisita mlangoni, na Mwalimu Nassor akashuka ametazama chini kama mtu aliyeletwa na polisi. Ringi nyeupe za magurudumu zikawa nyeusi kwa vumbi la pedi. Akiziosha asubuhi, jioni zimerudi kama masufuria ya kuni. Barazani wakaipa gari jina, Bi Kilio. Bi Mwatum akasema mwenye gari ya maana husikika.

Haitham alikuwa amemwambia pedi mpya lazima zizoezwe: aende kasi, abane breki, aende kasi tena, abane tena, mpaka zikae sawa na diski. Basi siku moja akaenda njia ya Konde kuelekea Msuka, kwenye kipande kilichonyooka, akazizoeza. Aliondoka kwa kishindo, akabana, gari ikalia, akaondoka tena. Mzee mmoja aliyekuwa analima kando ya barabara aliweka jembe chini. Aliposimama karibu naye kupumzisha gari, mzee akamsogelea kwa adabu.

"Salaam aleykum, mwanangu. Samahani nikuulize. Limo garini, au limo kwako?"

"Nini, mzee?"

"Jini."

Bi Mwatum akamwachia mzee jini lake, akawasha gari. Alikuwa anausikia mguu wake. Baada ya kuzibana mara nyingi hivyo pedi zilikuwa zimepata moto, na sasa zilishika kwa utamu usio kifani. Akigusa tu, gari inasimama kama imefika ukutani. Akarudi Wete anacheka peke yake. Alichokipima njia ya Msuka ni pedi za moto. Kesho yake asubuhi zilikuwa za baridi tena, na hilo hakulipima.

Ikaja harusi ya Chake. Bi Nadhira, mwanamke mwenye maduka na sauti, alikuwa anamwoza binti yake wa pekee, akaagiza keki ya ghorofa tatu, nyeupe, yenye maua ya sukari yanayoteremka ubavuni kama jasmini. Wapishi wengine huipeleka keki kama hiyo vipande vipande, wakaipanga ukumbini. Bi Mwatum alisema mpishi asiyeweza kuisafirisha keki nzima ni seremala. Akaiweka nzima kwenye ubao kiti cha nyuma, na wifi yake Asma akakaa ubavuni kuishika, amevaa nguo yake ya harusi kabisa, amejifukiza udi.

Mvua ilikuwa imenyesha alfajiri, lami ingali na unyevu na hewa ina baridi. Bi Mwatum aliendesha kwa ustaarabu, mwendo wa keki, hakugusa breki ila kwa ncha ya kidole. Wakafika kwenye mteremko mrefu wenye daraja chini. Pale chini, kabla ya daraja, gari ya abiria ilikuwa imesimama katikati ya njia inapakia magunia ya muhogo, watu wamejaa pande zote mbili.

Akagusa breki. Gari ikaendelea.

Akakanyaga. Magurudumu yakalia ule ukelele wao wote, lakini mwendo haukupungua ila kidogo, kama mtu anayesema "nakuja" huku amekaa.

"Wifi," akasema Asma kutoka nyuma, kwa sauti ndogo. "Wifi, simama."

"Nasimama!"

"Husimami!"

Akazikanyaga kwa miguu miwili. Watu wa magunia waligeuka, wakaiona gari nyeupe inawajia inapiga kelele kama king'ora, wakatawanyika. Kushoto mwa njia palikuwa na rundo la kokoto lililomwagwa na watu wa barabara. Bi Mwatum akamtaja Mola wake, akakata usukani, akaipandisha gari kwenye kokoto. Ikapanda, ikazama, ikasimama imeinua pua juu.

Nyuma kikasikika kitu kizito na laini kikiteleza, halafu sauti ya Asma: "Yallah!"

Ghorofa mbili za juu zilikuwa zimemwangukia. Krimu ilikuwa kifuani, kichwani, ndani ya mikono ya nguo, na ua moja la sukari limemganda kwenye paji la uso. Mzima, hana hata mkwaruzo, lakini alikuwa analia, na Bi Mwatum akageuka akambandua lile ua. Akawatazama wale watu wa magunia. Alikuwamo mama mmoja mjamzito. Akawaza angepita wapi lau lile rundo la kokoto lisingekuwapo.

Watu wakaja, wakawatoa, wakawapa pole. Pole zikaisha, yakabaki macho. Mwanamke mmoja mnene mwenye kapu la ndizi aliizunguka gari, akazitazama zile ringi nyeusi.

"Si ndiyo hino gari inayolia mjini kutwa?" akauliza.

"Ndiyo," akajibiwa.

"Kumbe!" akasema, akacheka mpaka akaweka kapu chini. "Kelele yote ile, na breki haina!"

Bi Mwatum alikuwa amewaambia watu maneno makali kuliko hayo kwa miaka mingi, lakini hakuwahi kusimama upande wa kuambiwa. Yalimwingia kama mwiba wa mkonge.

Aliifikisha ghorofa ya chini ndani ya ile gari ya abiria, baina ya magunia. Aliingia ukumbini kwa mlango wa jikoni, akaichonga akaisawazisha, akaikata vipande akavipanga kwenye masinia na maua yaliyosalia. Ilikuwa tamu, na ikaliwa yote. Lakini Bi Nadhira alikuja akasimama juu ya masinia, mikono kiunoni, mashoga zake nyuma.

"Tulikuagiza keki, Bi Mwatum. Wewe umetuletea sadaka."

"Nimepata ajali, Bi Nadhira. Niwie radhi."

"Ajali? Nimesikia. Wanaume zetu wanakwenda resi na hawatuharibii harusi. Wewe mke wa mtu, mama wa watu, unafunga breki za resi kubebea keki! Kwani binti yangu anaolewa kiwanjani?"

Mashoga wakacheka. Bi Mwatum akachukua sinia tupu akaenda kuliosha, kwa sababu lilikuwa jambo pekee la kufanya ambalo halikutaka mdomo.

Jioni alimkuta mumewe anakunywa chai. Akakaa. Akamimina yake, akakoroga sukari ambayo hakuitia.

"Mwalimu, ulisema nini vile kuhusu zile pedi?"

"Nilisema zikiwa baridi hazishiki."

"Nikakwambia nini?"

"Ukaniambia nikasahihishe madaftari." Akanywa funda. "Nimeshayasahihisha yote."

Akajimiminia kikombe cha pili, na hilo lilimuudhi Bi Mwatum kuliko kama angemsema. Maana jambo lenyewe ni la jikoni. Nani asiyejua kwamba tanuri la baridi halioki? Angekuwa mwanafunzi wake ametia keki kwenye tanuri lisilopashwa, angemtangaza mpaka Kojani.

Hakwenda kwa Haitham. Alimeza fundo kubwa zaidi: alimpigia simu Severina.

"Dada Mwatum!" Severina alifurahi kama aliyepigiwa na ndugu. "Za Pemba?"

"Si njema. Niambie, wewe umefunga pedi gani?"

Severina akamweleza bila ya haraka. Zilikuwako pedi za katikati, za barabarani lakini zenye roho ngumu kidogo; zinashika tangu asubuhi zikiwa baridi, hazilii, na zinavumilia moto, ila si moto wa kutwa. "Ndiyo maana mimi nazunguka mara nne natoka. Nazipoza. Nikizidisha zinachoka kama zako zilivyochoka."

"Nilidhani unaogopa."

"Naogopa, ndiyo," Severina akacheka. "Nina zamu Jumatatu. Wapo wanaobeba jozi mbili, wakifika kiwanjani wanavua hizi wanavaa zile, jioni wanarudisha. Mimi mvivu wa kulala chini ya gari. Na mafuta ya breki, dada, umebadilisha lini?"

"Sikumbuki," alisema Bi Mwatum.

"Basi hilo nalo. Yakikaa sana yanaingia unyevu, na moto ukizidi yanachemka. Ile pedali kuzama haikuwa pedi peke yake."

Usiku ule Bi Mwatum alilifikiri jambo lake kama anavyofikiri oda. Jozi mbili? Angeweza. Lakini alijijua: siku moja angechoka, angesema wacha leo nibebee keki na zile za moto, ni hapa hapa tu. Mtu mwenye dharau hafai kuachiwa nafasi ya kudharau breki. Na gari yake, ukiitazama kwa haki, ilikuwa gari ya keki inayokwenda kutembea kiwanjani mara mbili tatu kwa mwaka. Basi ichaguliwe pedi ya keki kwanza, na kiwanja kijipange nyuma.

Severina akamtumia pedi kwa mtu wa meli. Telesphory akazifunga, akapewa na mafuta mapya ya breki, akaambiwa ayabadilishe mpaka tone la mwisho, na asimwambie mtu kwamba pedi ni pedi. Diski za mbele zilikuwa zimeshaliwa mistari na zile nyekundu, akaziondoa nazo, akaweka mpya. Zile pedi nyekundu Bi Mwatum alizitupa mwenyewe. Bi Kilio ikanyamaza. Barazani waliisikitikia.

Msimu ulipofika akarudi Tanga. Alizunguka mara nne, akatoka, akafungua boneti, akakaa kivulini na Severina wakila kashata. Akarudi mara nne. Kila kona alifunga breki mapema kuliko alivyotamani, na kila kona gari ikatii, pedali juu, ngumu, ile ile ya mwanzo na ya mwisho. Hakuwa na kasi ya zamani. Saa zilipopimwa Msellem alimwacha mbali, akaja anatembea kwa madaha, bawa lake linang'aa nyuma yake.

"Bibi, leo umeendesha kama bibi."

"Nimesimama kila nilipotaka kusimama," alisema Bi Mwatum. "Na hilo bawa lako, ukija Pemba niazime. Nina mashuka."

Lakini alipobaki peke yake hakuwa na furaha nzima. Kasi ilikuwa tamu, na alikuwa ameikata kipande kwa mkono wake mwenyewe. Kipande kile kilimuuma, wala hakujidanganya kwamba hakimuumi.

Meli ikamteremsha Mkoani kesho yake. Akashika njia ya Wete na pedi zilezile, hakubadilisha kitu, hakulala chini ya gari. Ulikuwa msimu wa karafuu. Majamvi yalitandazwa kandokando ya lami na njia yote ilinukia. Alipokaribia Chake kuku jike akatoka majanini na vifaranga vyake, akaingia barabarani bila ya kuangalia huku wala kule. Bi Mwatum akaweka mguu. Gari ikapungua, ikapungua, ikasimama kimya, hata kifaranga wa mwisho asijue kwamba nyuma yake pana gari.

Akateremsha kioo.

"Mpumbavu mkubwa we," akamwambia kuku. "Na watoto unao."

Akasubiri mpaka wamalize kuvuka.